Blanketi la W'Kabi: kitambaa gani kitafanana na kile cha kwenye filamu?

MshonajiTabata

Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Ninamshonea mdogo wangu vazi la W'Kabi, yule kiongozi wa kabila la mpakani aliyeigizwa na Daniel Kaluuya katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, na ninataka lifanane na lile la kwenye skrini kadiri mikono yangu itakavyoweza. Nguo za ndani hazijanisumbua. Kinachonisumbua ni lile blanketi la buluu analojitanda mabegani, ambalo upande wake mmoja una michoro ya rangi ya fedha.

Nimekwisha kujaribu mara mbili. Kwanza nilinunua Kariakoo shuka la Kimasai la buluu lenye mistari myeusi, nikaliona jepesi mno: mdogo wangu akigeuka linapeperuka kama kanga iliyoanikwa, wakati lile la W'Kabi huanguka na kutulia papo hapo. Kisha nikachukua blanketi laini la dukani, yale yanayouzwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu. Uzito wake ulinifaa, lakini nilipompiga picha chini ya taa liling'aa kama lililopakwa mafuta. Muuza vitambaa mmoja amenishauri gabadini nzito, mwingine mahameli. Kabla sijapoteza fedha kwa mara ya tatu, naomba mnieleze kitambaa chenyewe ni kipi hasa, na kama hakipatikani hapa Dar es Salaam, nitafute sifa gani katika kitakachoshika nafasi yake.

NyuziZaKusini

Dada, gabadini na mahameli uachane navyo kabisa. Unachokiona mabegani mwa W'Kabi ni blanketi la Wasotho, vazi la heshima la watu wa Lesotho, ambalo mtu hulivaa katika harusi, katika mazishi na siku ya kawaida ya baridi. Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya filamu hiyo, ambaye kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Oscar mwaka 2019, aliagiza takriban mablanketi 150 ya aina hiyo, kisha upande mmoja ukachapwa michoro ya fedha iwakilishe vibraniamu, yale madini ya kubuni ya kwenye filamu, kwa kuwa katika hadithi mablanketi hayo hugeuka kuwa ngao vitani.

Nimeishi Maseru, kwa hiyo naomba nilieleze kama nilivyolishika. Ni sufu iliyochanganywa na pamba kidogo, na uso wake umekwaruzwa hadi ukatoa manyoya mafupi yanayolala upande mmoja. Halikatwi kwenye jora. Hufumwa likiwa zima, na mistari yake ni sehemu ya mfumo wenyewe. Husimuliwa kwamba mstari huo ulianza kama kosa la kiwandani, Wasotho wakaupenda, na tangu hapo haukuondolewa tena. Blanketi huvaliwa mstari ukiwa umesimama wima, kwa maana ni ishara ya kukua. Hapo ndipo ninapoona watu wengi wakikosea: wanapata kitambaa kizuri, wanapatia na rangi, halafu wanakivaa mistari ikiwa imelala. Mtu wa Lesotho akiona picha hiyo, jambo la kwanza kuliona ni hilo.

Kuhusu shuka, kosa lako linaeleweka, kwa sababu Umasai umo ndani ya filamu ile, ila umo katika mavazi mekundu ya walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje. Kama una ndugu au rafiki anayesafiri kwenda Johannesburg au Maseru, mwombe akuletee blanketi halisi. Litakugharimu, lakini litakutunza maisha yako yote.

FundiWaKijitonyama

Namshukuru ndugu aliyetangulia, na yote aliyoyasema kuhusu asili ya blanketi ninakubaliana nayo. Hata hivyo, naomba nitofautiane naye katika jambo moja ambalo kwa mshonaji ni kubwa. Blanketi halisi likitoka dukani bado silo lililoonekana kwenye skrini. Ruth Carter mwenyewe amesimulia kwamba, baada ya kuchapwa, mablanketi yalipojaribiwa mbele ya kamera yalionekana mazito na manene kupita kiasi, ikabidi msaidizi wake achukue mashine ya kunyolea na kuyanyoa ili yapungue unene. Kwa hiyo dada akilivaa lilivyo, atakuwa sahihi mbele ya Msotho lakini hatakuwa sahihi mbele ya filamu. Kinachotafutwa hapa ni sufu iliyonyolewa.

Na hilo ni habari njema kwako, kwa sababu sufu ya namna hiyo inapatikana kwenye mitumba. Nenda upande wa mablanketi na makoti ya baridi, asubuhi marobota yanapofunguliwa, utafute blanketi la sufu la buluu iliyokolea lisilo na maua. Usiamini lebo, maana nyingi zimekatwa au zimefutika. Chomoa nyuzi mbili tatu pindoni, uzishike kwa kibano, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani yenye maji. Sufu huungua kwa kusitasita, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, hujizima ukiondoa moto, na jivu lake husagika vidoleni kama unga. Pamba hushika moto upesi na kunuka kama karatasi. Ukiona uzi unayeyuka, unajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni akriliki au poliesta, nawe utaliona blanketi linang'aa chini ya taa kama lile lako la dukani.

Kabla ya kunyoa, lifue kwa maji baridi bila kulisugua wala kulikamua kwa nguvu. Maji ya moto pamoja na kusuguliwa huzifanya nyuzi za sufu zishikane, blanketi likanywea na kuwa gumu kama zulia. Mimi nimewahi kupoteza koti zima la mteja kwa njia hiyo, na sijasahau uso wake alipokuja kulichukua. Likikauka kivulini, litandaze juu ya meza, pitisha mashine ya kinyozi yenye kitana kifupi, kwanza kufuata upande manyoya yanakolala, halafu kinyume chake, ukibakiza zulia la manyoya la milimita moja au mbili. Usikimbilie kwenye uzi wa chini, kwa sababu ukiukata hakuna namna ya kuuziba.

Uchapaji wa fedha uje mwisho, na sababu yake ni hii: rangi ikipakwa juu ya manyoya marefu hukaa kwenye ncha tu, na blanketi likikunjwa inapasuka na kudondoka. Juu ya uso ulionyolewa huzama hadi kwenye ufumaji. Tumia rangi ya maji ya kuchapia vitambaa, kwa sponji na kiolezo cha karatasi ngumu, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Unapoikausha kwa pasi, weka kitambaa cha pamba katikati, kwani sufu huungua kabla hujanusa chochote.

TaaNaKivuli

Naongeza jambo dogo tu kutoka upande wa picha. Buluu iliyokolea sana hugeuka nyeusi ndani ya ukumbi. Beba simu uendako kununua, piga picha ya kitambaa kivulini na juani, na uchague buluu ambayo kivulini bado inasomeka kuwa buluu, hata kama kwa macho unaiona imepauka kidogo. Vilevile fikiria joto. Lesotho yote ni nchi ya miinuko, na vazi lile limezaliwa huko. Mdogo wako akilivaa Dar es Salaam mchana, usimwekee bitana, na mpe nafasi ya kulivua.

MshonajiTabata

Nawashukuru sana nyote. Nimepata blanketi la buluu kwa shilingi ambazo sikuamini, lina tundu moja la nondo ambalo nitalificha chini ya mchoro. Nilichoma uzi kama fundi alivyoelekeza, na mama akauliza kutoka chumbani ni nani anayeunguza nywele. Jana nilinyoa kipande cha pembeni, upana wa kiganja. Manyoya yaliyotoka yalijaa bakuli, na pale palipokuwa na wingu la buluu sasa unaona mistari midogo ya mshazari ya ufumaji. Nilipolitundika kwenye kiti, pembe iliyonyolewa iliteremka kwa mkunjo mkali ulionyooka hadi sakafuni, huku pembe nyingine ikiwa bado imejitutumua. Kesho naanza upande wa kushoto, na mstari nitauchapa mwenyewe, ukiwa umesimama.