Mjadala: Mtoto wa mchezaji apewe timu ya baba yake, tena kwa punguzo?

#1 (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu mazoezini. Ana miaka 9, tunaishi Melbourne, na jezi aliyovaa ni ya Collingwood, mistari myeusi na myeupe, mgongoni namba 35. Hiyo ni namba ya Nick Daicos. Nikiwa nimechuchumaa namfunga kamba za viatu akaniuliza, "Baba, wewe ulichezea timu gani?" Nikamwambia timu ya mtaa, Kigoma, beki. "Mechi ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba Nick yuko Collingwood kwa sababu baba yake, Peter, alicheza pale mechi 250, na namba ilikuwa hiyohiyo 35.

Basi nimeona niilete hapa.

Kwa wasioujua, huu ni mpira wa Kiaustralia: mpira wenyewe una umbo la yai, uwanja nao ni wa umbo hilo, kila upande watu 18. Ligi kuu, AFL, ina timu 18. Kijana hasajiliwi kwa mazungumzo na bahasha kama kwa Simba na Yanga. Kuna drafti (si ile ya vizibo vya soda): kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na iliyoshika mkia ndiyo inayoanza, ili wanyonge nao wapate kuinuka. Kijana hana sauti. Umezaliwa Melbourne, ukichaguliwa na timu ya Perth unasafiri kwa ndege kwa muda wa saa nne, unahamia huko.

Isipokuwa kama baba yako aliichezea klabu mechi 100 au zaidi. Hapo klabu ya baba ina haki ya kukuchukua. Wanaiita kanuni ya baba na mwana. Roho Mtakatifu hayumo, nafasi yake kashika mhasibu. Kila nafasi ya kuchagua ina bei yake ya pointi. Utaratibu huo ulipoanza 2015, nafasi ya kwanza ilikuwa pointi 3,000. Timu nyingine ikikutaja kwenye zamu yake, klabu ya baba inalipa pointi na kukubeba, tena kwa punguzo la asilimia 20, ambalo kuanzia 2025 limeshushwa hadi 10. Na pointi zinachangwa kutoka nafasi za chini huko ambazo hakuna anayezililia. Ni kama kulipa kodi ya nyumba kwa sarafu, na mwenye nyumba analazimika kupokea.

Sasa tazameni drafti ya 2021. Collingwood walimaliza wa 17, kwa hiyo chaguo namba 2 lingekuwa lao, ila walikuwa wameshaliuza kwa timu ya GWS mwaka mmoja nyuma. GWS wakalitumia kumtaja Sam Darcy. Western Bulldogs wakasema huyo wetu, baba yake alicheza kwetu, wakamchukua. Collingwood nao, ambao chaguo lao walishaliuza, wakampata Daicos kwa namba 4 kwa kuchangachanga sarafu. Namba 5 akaenda Mac Andrew, Gold Coast. Huyu familia yake inatoka Sudan Kusini, na alikuwa kwenye akademia ya klabu ya Melbourne, zile zilizoanzishwa kwa ajili ya vijana wa wahamiaji na wa jamii asilia. Melbourne hawakuruhusiwa kumbakiza. Kanuni ya mwaka huo ilisema kijana wa akademia hizo akitajwa ndani ya 20 bora, mwacheni aende. Ilianza kutumika baada ya Bulldogs kumpata Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa jamii asilia, kwa njia hiyo mwaka 2020 akiwa chaguo la kwanza kabisa. Watu walipiga kelele, mlango ukafungwa. Mlango wa baba na mwana haukuguswa.

Namba 4 na namba 5, usiku mmoja. Mmoja alikuwa na baba kwenye daftari, mwingine hakuwa naye. Msimamo wangu: haki ya baba ibaki ukitaka, lakini punguzo liondolewe lote, na kijana aliyelelewa na klabu apate haki sawa na aliyezaliwa ndani yake. Karibuni.

#2

Mkuu, unaanza hadithi katikati. Rudi 1949. Ron Barassi mkubwa alikuwa mchezaji wa Melbourne, akauawa vitani Tobruk 1941, mwanawe Ron ana miaka 5. Kijana alipokuwa anakua, timu zilikuwa zinagawana wachezaji kwa maeneo ya makazi, na Carlton na Collingwood walikuwa wanammezea mate. Inasimuliwa kuwa Melbourne ndiyo iliyoshinikiza kanuni hii ipite ili mtoto wa marehemu asiende kwa wengine. Mama yake alipohamia Tasmania, kijana alibaki akiishi uani kwa kocha Norm Smith. Alianza kucheza 1953, akachukua ubingwa mara sita na Melbourne.

Hiyo si hesabu ya mhasibu, huko ni kulea yatima. Mnataka mpira wote uwe soko?

#3 (mleta mada)

Ndugu yangu, hadithi hiyo naipenda kuliko wewe. Ila imalizie: mwisho wa 1964 huyohuyo Barassi aliondoka, akaenda Carlton kuwa kocha na mchezaji. Damu ilimleta, mkataba ukamwondoa. Na sioni yatima hata mmoja kwenye orodha ya siku hizi. Naona watoto waliokulia vyumba vya kubadilishia nguo, wakafundishwa kupiga teke na mabingwa tangu wanatambaa. Mwenye nacho anaongezewa.

#4

Niko Dar, huo mchezo nimeuona mara moja kwenye baa nikadhani watu wanapigana. Swali la mgeni: kelele za nini? Milan walikuwa na Cesare Maldini, akaja Paolo, akaja Daniel. Hakuna aliyelia.

#5 (mleta mada)

Mkuu, Ulaya hakuna drafti. Daniel alikuwa huru kwenda popote, na mtoto wa fundi gereji vilevile. Hapa wote wamefungwa kamba moja, halafu wachache wanafunguliwa kwa jina la ukoo. Ndiyo maana inauma.

#6

Hapo hapo umejikwaa. Kama kamba ndiyo tatizo, kwa nini unataka kumfunga na yule mmoja aliye huru? Katika drafti nzima, mtoto wa mchezaji ndiye karibu kijana pekee mwenye neno la kusema. Marc Murphy, 2005: baba yake John alichezea Fitzroy, na Fitzroy iliunganishwa na Brisbane, kwa hiyo angeweza kwenda Brisbane Lions. Akakataa, akaingia drafti kama wengine, Carlton wakamchukua namba 1. Joe Daniher: baba yake alicheza mechi zaidi ya 100 Sydney na zaidi ya 100 Essendon, kijana akachagua Essendon. Sisi huku tunaopigania mfanyakazi achague mwajiri, leo tunamnyang'anya kijana wa miaka 18 uchaguzi kwa sababu wenzake hawana?

#7

Napita tu kuwakumbusha Geelong. Kabla ya 2007 hakukuwa na dau wala pointi, unatoa chaguo la raundi ya tatu unaondoka na mtoto. Gary Ablett mdogo, 2001, namba 40. Tom Hawkins, 2006, namba 41! Jitu lile, ambalo timu zote zilijua lingechukuliwa juu kabisa. Ndipo ligi ikaamka na kuleta madau. Kufikia hapo Geelong walishajaza kikosi, ubingwa ukafuata: 2007, 2009, 2011. Kwa hiyo mleta mada, ukilinganisha na enzi hizo, bei imeshapanda sana. Utafika siku watalipa bei kamili, tulia.

#8

Brisbane je? Will Ashcroft 2022 namba 2, Jaspa Fletcher mwaka huohuo namba 12, Levi Ashcroft 2024 namba 5. Wote watoto wa wachezaji wa zamani. Ubingwa 2024, ubingwa 2025, na Will medali ya mchezaji bora wa fainali miaka yote miwili mfululizo. Timu inatwaa kombe Septemba, Novemba inapokea kijana ambaye drafti ilikusudia aende kwa waliofungwa. Mimi ni wa North Melbourne. Sitaongeza neno.

#9

Pole wa North, tunajua mmeteseka. Ila tuwe wakweli, timu changa nazo zina mlango wao. Gold Coast imeingia ligi 2011, ni vigumu iwe na mtoto wa mchezaji wake mwenye miaka 18 leo, miaka bado haijatosha. Lakini 2023 walichukua vijana wanne wa akademia yao (ya aina nyingine, isiyoguswa na kizuizi kile) raundi ya kwanza pekee. Wanne. Tasmania nao wanatarajiwa kuanza 2028 wakiwa hawana baba hata mmoja, na wao watapewa chao. Kila mtu ana upendeleo wake, tofauti ni jina tu.

#10

Samahani kaka zangu, mbona mabinti hamjawataja? Ligi ya wanawake ilianza 2017, na kule kuna baba na binti: Abbie McKay alikwenda Carlton alikocheza baba yake. Tena kule baba hahitaji mechi 100, hata mechi 1 inatosha. Hakuna aliyefungua uzi kulalamika, na sababu tunaijua: mabinti hawajaanza kuamua nani anauza jezi. Siku wakianza, nitawaona hapa na pointi zenu.

#11 (mleta mada)

Dada wa #10, umenishika. Sikuwaza.

Wa #6, hoja yako nimelala nayo usiku kucha. Nakubali nusu: simnyang'anyi kijana uchaguzi. Ndiyo maana nilisema haki ibaki. Ninachokataa ni klabu kupewa punguzo kwa sababu ya uchaguzi wa kijana. Collingwood walifanya kazi gani hadi wapunguziwe bei? Kumlea alimlea mzee Daicos nyumbani kwake. Melbourne ndio waliompa Mac Andrew akademia, wakaambiwa hapana. Kizuizi hicho kimekuja kuondolewa, sawa, ila yeye alishakwenda.

#12

Mzee Daicos mwenyewe alizaliwa na wahamiaji. Peter, yule wa ubingwa wa 1990. Jina ambalo watangazaji walikuwa hawajalizoea, leo ndilo linaloitwa ukoo wa kifalme pale Collingwood. Aliir Aliir amezaliwa Kakuma, Kenya, akafika kikosi bora cha mwaka 2021 akiwa Port Adelaide. Majina yetu yanaingia kwenye hilo daftari sasa hivi, na ninyi ndiyo mnataka kulichana wino ukiwa haujakauka? Wao wamelitumia tangu 1949!

#13 (mleta mada)

Hiyo ndiyo hoja pekee ya kunitikisa tangu nifungue uzi huu. Sina jibu la haraka.

#14

Mleta mada, umesema dogo ana miaka 9? Mwambie aanze kuhesabu. Zake 100 ni za mjukuu wako.

#15 (mleta mada)

Mkuu, kwanza ajue kufunga kamba za viatu.