Drum and bass: kununua ngoma mpya moja moja, albamu nzima, au miksi za DJ?

Mdundo174
Wakuu, naomba tulinganishe. Nimevutwa na drum and bass, muziki wa kielektroniki wa midundo ya kasi na besi nzito, baada ya ile "Backbone" ya Chase & Status na Stormzy, iliyoshika namba moja Uingereza mwaka 2024. Shida ni kwamba kila Ijumaa zinamwagika ngoma nyingi kuliko masaa niliyo nayo. Naona njia tatu: kununua singo na EP (matoleo mafupi ya ngoma chache), kusikiliza albamu, au kumwachia DJ anichagulie kwenye miksi zake. Mimi si DJ, ni msikilizaji tu. Ipi inampa mtu picha ya kweli ya kinachoendelea?

Kisahani
Miksi. Hata usijisumbue na hizo nyingine kwanza.

Muziki huu tangu enzi za jungle, mtindo ulioizaa drum and bass, umeishi kwa ngoma ambazo hazijatoka. Mtayarishaji akimaliza kazi alikuwa anaipeleka Music House pale London, inachongwa kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka, na DJ anaipiga wikiendi hiyo hiyo. Sahani zile zilichakaa upesi, lakini hazikutengenezwa zidumu. Zilikuwa za kupimia. Ukumbi ukilipuka, ngoma inaenda kiwandani kuwa santuri ya kuuzwa. Ukumbi ukipoa, mwenye ngoma anarudi studio kuirekebisha. Ingeweza kupita miezi kabla hujaiona dukani, na nyingine hazikufika kabisa.

Siku hizi ni faili linalotumwa kwa barua pepe, ila utaratibu ni ule ule. Unachokiita toleo jipya la Ijumaa, wafuatiliaji wa miksi wameshaicheza mpaka wameizoea. Fungua orodha ya miksi yoyote ya karibuni kwenye tovuti ya 1001Tracklists uone mistari iliyoandikwa "ID" tu, bila jina la msanii wala la ngoma. Hapo ndipo upya ulipo.

Bi Tempo
Kisahani, umesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoniuma.

Hesabu mwenyewe. Kwa mwendo wa mapigo 174 kwa dakika, mapigo 64 yanakwisha ndani ya sekunde 22 hivi. DJ mwenye haraka anaingiza ngoma, besi inashuka, inazunguka mara mbili, tayari nyingine imepandishwa juu yake. Umeisikia sekunde 44. Je, umeijua? Ni kama kumtambua mtu kwa kumwona akipita dirishani.

Kwa jump up, tawi la kurusha watu ukumbini, sina ugomvi, ngoma nyingi za huko zimetengenezwa zifanye kazi katika sekunde hizo hizo. Lakini chukua liquid, tawi laini lenye melodi. Chukua Calibre, au High Contrast wa kipindi cha "True Colours" ya 2002. Uzito wa ngoma hizo uko kwenye sauti za kinanda zinazobadilika polepole, na mara nyingi kipande kitamu kipo nusu ya pili, mahali ambapo DJ ameshaondoka zamani. Na wimbo wenyewe "Timeless" wa Goldie, wa 1995, una dakika 21. Niambie utaukata wapi.

Kisahani
Dada, hakuna anayesema ukatwe. Ila ukumbuke liquid yenyewe ilipata jina na nguvu kupitia DJ. Fabio ndiye aliyeibeba kwenye seti zake na redioni karibu na mwaka 2000, wakati wengine wengi walikuwa wanakimbilia giza. Bila miksi zake ungeisikia wapi?

Bi Tempo
Ningeisikia kwenye santuri alizokuwa anapiga. Zilikuwa za watu, hazikuwa zake. 😄

Fundi Mikisa
Mnabishana kana kwamba "miksi" ni kitu kimoja. Mdundo174, tenganisha kwanza, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Kuna miksi zilizouzwa kama albamu: DJ-Kicks ya Kemistry & Storm ya 1999, mfululizo wa Nightlife wa Andy C, au FabricLive ya klabu ya fabric, London, iliyoanza 2001 ikafungwa kwenye namba 100 mwaka 2018. Hizi zinapangwa, zinasikilizwa tena na tena, na kila ngoma inaombewa kibali kwa mwenye haki zake. Kibali kinachukua muda, kwa hiyo ukitafuta upya humo unakuwa umechelewa tayari. Lakini ndizo zinazozeeka vizuri. Ile ya Kemistry & Storm bado inafundisha jinsi ya kuweka ngoma nzito bila kumchosha msikilizaji, na inauma kwamba Kemistry alifariki kwa ajali ya gari mwaka huo huo.

Kisha kuna za redio. Essential Mix ya BBC Radio 1 ipo tangu 1993, na DJ anapewa masaa mawili. Masaa mawili yanamlazimisha afikiri: hawezi kupiga mabomu mwanzo mpaka mwisho, lazima apumzishe, arudi nyuma miaka ishirini, kisha apande. Kama wewe ni mgeni, miksi ya namna hii inakupa historia na mambo mapya kwa pamoja. Mimi naona hakuna inayozipita.

Za klabu zilizorekodiwa moja kwa moja ni jambo jingine kabisa. Kuna MC (mwenye kipaza sauti anayechangamsha ukumbi) juu yake, kuna kelele za watu, kuna ngoma kurudishwa mwanzo kwa sababu ukumbi umedai. Hapo unasikia ngoma inafanya nini kwa watu, na hilo faili safi la dukani haliwezi kukuonyesha. Ila kama MC anakukera, utateseka.

Podikasti za lebo, mfano ya Hospital Records, zinakupa mzigo mpya pamoja na maelezo. Tatizo lake liko wazi: lebo inatangaza bidhaa zake. Sikiliza, ila usidhani umeona uwanja wote.

Mdundo174
Mkuu Fundi, asante sana. Sasa nielezeni kitu kimoja: kwa nini ngoma niliyoipenda kwenye miksi nikiitafuta peke yake inakuwa baridi? Imenitokea zaidi ya mara moja.

Kisahani
Kwa sababu hukusikia ngoma moja. Ulisikia mbili.

Andy C ndiye anayetajwa zaidi kwa ufundi huu: anapanga ngoma mbili ili besi za zote zishuke kwenye pigo moja. Moja inatoa ngurumo ya chini, nyingine inajibu juu. Sikio linaunganisha, unaondoka ukiamini ni wimbo mmoja mkali ajabu. Ukizitafuta mbalimbali, kila moja ina pengo ambalo mwenzake alikuwa analiziba. Kazi hiyo ni ya DJ na haiuzwi dukani. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Fundi Mikisa
Na ufunguo wa muziki pia. Ngoma ikitanguliwa na nyingine inayoelewana nayo kwa sauti, inang'aa. Ikisimama peke yake, inategemea nguvu zake. Nyongeza: matoleo mengi ya kustrimu ni mafupi, yamekatwa utangulizi. Lile refu lenye mapigo 64 au 128 ya ngoma tupu mwanzoni liliwekwa kwa ajili ya DJ apate pa kuingilia. Angalia umelinganisha toleo lipi.

Msikivu_Kimya
Nachangia upande ambao hamjaugusa, wa sauti na uhifadhi.

Besi ya chini kabisa kwenye muziki huu inacheza maeneo ya hezi 40 hadi 60. Spika ya simu haifiki huko. Kabla hujasema ngoma mpya ni mbovu, hakikisha umeisikia. Hedifoni za kawaida zenye waya zinatosha kuanzia.

Ukinunua ngoma ya dakika sita, WAV ya ubora wa CD ni kama MB 60, MP3 ya kbps 320 ni kama MB 14. Miksi ya masaa mawili kwa kbps 320 inafika MB 288. Kwa hiyo miksi moja ni sawa na ngoma ishirini hivi za MP3, ila ndani yake zinaweza kuwemo ngoma sitini na zaidi kwa vipande. Ukikusanya kwa wingi, miksi inashinda. Kwa ubora, hapana, kwa sababu nyingi zimekandamizwa, zikapakiwa, mtandao ukazikandamiza tena.

Halafu miksi hupotea. Mtandao mmoja niliokuwa naweka alama za miksi nizipendazo ulifuta nyingi kwa madai ya hakimiliki, na hakuna aliyenijulisha. Faili ulilolinunua linabaki kwako.

Nyuzi_Tano
Albamu mmezitupa hivi hivi? Ninyi watu.

"New Forms" ya Roni Size na Reprazent ilichukua Mercury Prize, tuzo ya albamu bora Uingereza, mwaka 1997, na ukiisikiliza leo bado ina besi halisi ya nyuzi (double bass) na sauti ya mwimbaji vinavyoendelea kutoka ngoma hadi ngoma. Hiyo ni fikra ya albamu. "Silence Is Loud" ya Nia Archives, 2024, inafanya jambo la aina hiyo kwa njia yake: midundo ya jungle chini, uandishi wa nyimbo juu. Ukikutana na ngoma zake ndani ya miksi utasikia midundo, maneno yatakupita.

Nakubali jambo moja. Albamu nyingi za drum and bass ni singo zilizofungwa pamoja zikaongezewa mbili za polepole. Lakini zile chache zilizofikiriwa, usizikose.

Bi Tempo
Nyuzi asante. Na mtayarishaji anakula nini? Ukisikiliza miksi iliyopakiwa kiholela, aliyetengeneza ngoma mara nyingi hapati kitu. Mixcloud angalau wana leseni na wanalipa mirabaha. Bandcamp wana zile Ijumaa walizoanzisha Machi 2020, ambapo kampuni inaacha fungu lake ili msanii apate zaidi, na unachagua mwenyewe faili la ubora kamili, FLAC au WAV. Mimi nikisikia ngoma kwenye miksi na ikakataa kutoka kichwani, nainunua. Isipokataa, naiacha.

Kisahani
Kwa hiyo unaanza na miksi. Nimeshinda.

Bi Tempo
Naanza na miksi ya mtu anayeacha ngoma ipumue. Wewe na Andy C wako mbaki na sekunde zenu.

Mdundo174
😂 Basi nimejaribu ushauri wa Fundi, Essential Mix moja ya zamani na seti moja ya klabu ya hivi karibuni. Seti ya klabu imenichosha, kusema kweli. Ila karibu na mwisho kuna ngoma ya jungle, mdundo wake umekatwa-katwa, kisha sauti ya mwanamke inaingia peke yake. Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo, imegoma.

Fundi Mikisa
Shazam hugoma kwa sababu DJ amebadili mwendo, au kuna ngoma mbili kwa wakati mmoja, au ngoma haijaingizwa kwenye hifadhi yao kwa vile haijatoka. Nenda kwenye orodha ya seti hiyo uone kama imeandikwa ID. Kama ni ID, soma maoni chini ya video, kuna watu kazi yao ni hiyo. Na huo mdundo uliokatwa-katwa, kuna uwezekano mkubwa ni ule wa "Amen, Brother" ya The Winstons, 1969, uliopigwa na Gregory Coleman. Usikudanganye kwamba umeitambua ngoma, maana uko kwenye maelfu.

Mdundo174
Nimeangalia. Ni ID kweli.

Kisahani
Karibu chamani, mkuu. Sasa mfuate huyo DJ kwenye seti zake tatu zijazo. Ikijirudia kwa DJ mwingine, ujue inakaribia kutoka.

Msikivu_Kimya
Na iweke hiyo seti kwenye kifaa chako kama wameruhusu kupakua. Weka pia dakika na sekunde, tupeni kiungo hapa tusikilize wote.