Kama hospitali nzima ilikuwa kichwani mwa mtoto, sisi tuko kichwani mwa nani?

Mtazamaji Mkuu (mleta mada)
Wakuu, hili limeninyima usingizi. Kulikuwa na tamthilia ya Marekani, St. Elsewhere, ikirushwa na NBC kuanzia 1982 hadi 1988. Madaktari wa hospitali moja chakavu ya Boston, St. Eligius. Sehemu ya mwisho, Mei 1988, Daktari Westphall anaingia nyumbani kavaa nguo za fundi wa ujenzi. Mzee tuliyemjua miaka yote kuwa daktari mwenzake, kumbe ni baba yake mzazi. Mwanawe Tommy kashika lile tufe la kioo ambalo ukilitikisa theluji inaanguka ndani. Baba analichukua, analiweka juu ya televisheni, wanaondoka. Kamera inasogea. Ndani ya tufe kuna jengo la hospitali. Imeisha hiyo. Vifo, ndoa, kesi, vyote vilikuwa kichwani mwa dogo.

Sasa fuateni mnyororo. Madaktari wa St. Eligius waliwahi kwenda kunywa kwenye baa ya Cheers, ambayo ni tamthilia nyingine. Cheers ikaizaa Frasier. Daktari mwingine akatokea kwenye tamthilia ya polisi, Homicide, na Homicide ndiko alikotoka mpelelezi Munch, yule aliyeigizwa na Richard Belzer (kafariki 2023). Munch alikuwa anapita vituo vyote kama daladala: X-Files, Law & Order, mpaka The Wire mwaka 2008. Kuna watu wamechora ramani, tamthilia zimepita 400. Mwandishi wa vibonzo Dwayne McDuffie aliandika mwaka 2002 kwamba kwa hesabu hiyo karibu televisheni yote ya Marekani ni mawazo ya Tommy.

Swali langu ni hili. Mwaka 1983 Tip O'Neill, Spika wa Bunge la Wawakilishi, mtu wa kweli mwenye kura zake, aliingia Cheers akiwa yeye mwenyewe. Kama Cheers imo kichwani mwa Tommy, Spika yumo. Spika akiwemo, Marekani imo. Marekani ikiwemo, mimi na mkopo wangu wa bodaboda tumo. Maisha yana maana gani hapo? Tujadili kwa hoja.

Stelingi Mstaafu
Umeficha kitu, mkuu. Huyo dogo ana matatizo ya akili, ndiyo siri ya hiyo tamthilia. Sasa unataka tupokee maana ya maisha kutoka kwa punguani? Lipa mkopo.

Mama Wawili
Tommy ana usonji. Usonji si wazimu na wala si upunguani. Mwanangu mkubwa anao. Haongei zaidi ya maneno machache, lakini vizibo vya soda anavipanga barazani kwa rangi na kwa kiwanda, ukigusa kimoja usiku atakijua asubuhi. Ratiba ya feri ya Kigamboni anaijua kuliko nahodha. Kabla hujamwita mtoto wa mtu punguani, muulize mama yako alikuitaje ulipochelewa kusema.

Na hao waandishi nawashangaa vilevile. Miaka sita mtoto yupo pembeni, hawampi neno, hawamuulizi kitu. Mwisho wanamtwika ulimwengu mzima, kama vile asiyesema lazima awe amefungia watu ndani.

Stelingi Mstaafu
Mama, mimi nimemsema mtoto wa kwenye televisheni, wa kubuni, wa 1988. Wa kwako simjui. Siku hizi mtu hawezi kuandika sentensi bila kukuta mtu kaivaa.

Mama Wawili
Wa kubuni ndiye mnayemtumia kuzoea ulimi. Kesho mnakuja nao kwenye foleni ya zahanati.

Mtu wa Githurai
Ameweka hapo, Mama. Jamaa kaanza na Tommy, akamaliza na watoto wa watu.

Stelingi Mstaafu
Mkenya naye kaingia. Haya.

Jicho la Wete
Mie nasema astaghfirullah kwanza. Kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu, binaadamu anawaza tu. Pili, hata kwa akili ya kawaida hoja haisimami. Mie nikiota nimekwenda Muscat kwa shangazi, nimekula halua, nimekwenda sokoni Mutrah, nikaamka, Muscat imefutika? Shangazi kafa? Huyo mtoto kaiwaza hospitali. Kuwaziwa hakumfanyi mtu asiwepo. Na huyo Spika hivyo hivyo.

Mtazamaji Mkuu
Asante sana Bi Jicho, hapo umegonga penyewe. Mwanafalsafa Brian Weatherson aliijibu nadharia hii kwa pingamizi sita, na hilo la ndoto ni mojawapo. Lakini bado

Jicho la Wete
Bi nani? Mie mwanamme mtu mzima, nna ndevu na wajukuu.

Mtazamaji Mkuu
Samahani mzee wangu, shikamoo. Nilichotaka kusema ni kwamba

Binti wa Area C
Hahahaha "Bi Jicho". Nimekufa.

Jicho la Wete
Cheka. Ndio elimu yenu.

Mtu wa Githurai
Nyinyi mnatafuta mbali. Huku kwetu Kenya Tommy ni DJ Afro, msimulizi wa sinema za kigeni. Chukua sinema ya Bangkok, ya Mumbai na ya Hollywood, zote zipitie kwake. Polisi wa Thailand anatukana kama kondakta wa Kayole, mhindi anaogopa mama mkwe wake, adui anadaiwa nyumba. Sauti ni moja, kwa hivyo wote wanajuana. Nilipokuwa mdogo niliona sinema moja bila yeye, kwa Kiingereza chake, nikadhani wameiharibu. Hakukuwa na watu ndani. Wanatembea tu.

Stelingi Mstaafu
Hapo sasa tunaelewana. Sisi Tandika tulikuwa na Lufufu, msimulizi wetu wa sinema. Kibanda umiza, benchi la mbao, jasho, mia mbili mlangoni, na mlinzi wa mlango anakutoa ukisinzia. Nadharia yetu ilikuwa nzito kuliko hii ya tufe la kioo: wanaokufa kwenye sinema ni wafungwa waliohukumiwa kunyongwa. Serikali ya Marekani inawakodisha. Ndiyo maana stelingi hafi, kwa sababu stelingi hana kesi. Na adui akifa leo halafu ukamwona kwenye sinema nyingine, basi hiyo nyingine ilipigwa kabla.

Binti wa Area C
Jamani na sisi Dodoma tuliambiwa hivyo hivyo! Nani alizisambaza hizi habari nchi nzima bila simu?

Mtu wa Githurai
Hata Nyeri. Ya wafungwa tuliijua. Nililia nikiona mtu mwembamba anauawa, nikisema huyu hata hakupewa wakili mzuri.

Mtazamaji Mkuu
Wakuu turudi kwenye mada. Mwanafalsafa Nick Bostrom, wakati huo akiwa Oxford, aliandika mwaka 2003 hoja yenye njia tatu: ama viumbe wenye akili huangamia kabla ya kufikia uwezo wa kuiga ulimwengu ndani ya kompyuta, ama wanafikia na hawataki kuiga, ama sisi karibu hakika tumo ndani ya uigaji. Tufe la Tommy ni njia ya tatu. Mnasemaje?

Mama Wawili
Tunasema kompyuta inahitaji umeme, na kwetu umekatika toka asubuhi. Tungekuwa tumeshazimika.

Binti wa Area C
Mimi ushahidi wangu uko kwenye katuni. Disney wote ni ulimwengu mmoja. Frozen ya 2013, siku Elsa anatawazwa, milango ikifunguliwa utawaona Rapunzel wa Tangled na mumewe wanaingia na wageni. Chris Buck, aliyeongoza Frozen na pia Tarzan ya 1999, alisema mwaka 2015 kwamba kwa mawazo yake wazazi wa Elsa hawakuzama, walitupwa kisiwani, wakamzaa Tarzan. Halafu Frozen II ya 2019 ikaja kuonyesha meli ilikuwa inaelekea kaskazini. Sawa, hilo limekufa. Lakini hili hamlipingi: kwenye Hercules ya 1997, Hercules anachorwa picha huku kavaa ngozi ya simba, na ngozi ile ni ya Scar wa The Lion King. Uso wake kabisa, nywele nyeusi. Kwa hiyo Scar alikufa, ngozi ikafika Ugiriki. Ulimwengu mmoja.

Ng'wana Meatu
Nilikuwa nasoma kimya ila hapa hapana. Scar aliuawa na nani? Fisi. Walimzunguka moto ukiwaka nyuma. Sasa niambie ngozi ilitoka wapi. Mimi nimechunga ng'ombe Meatu mpakani na pori la Maswa, fisi nawajua. Fisi habakishi ngozi. Anakula ngozi, kwato na mifupa. Kinyesi chake kikikauka ni cheupe kama chokaa, ni mifupa ile. Asubuhi unafika alipolala ndama unakuta majani yamelala na damu kidogo, basi. Hercules angepata nini, harufu?

Binti wa Area C
Ni KATUNI, kaka.

Ng'wana Meatu
Na wewe ndiye uliyesema ushahidi.

Stelingi Mstaafu
Fisi wenyewe waoga tu, wanasubiri simba aue ndiyo wale. Walimpata Scar kwa sababu alikuwa ameshadondoka.

Ng'wana Meatu
Hayo ndiyo mliyofundishwa na hiyo katuni. Mtafiti Hans Kruuk alikaa Ngorongoro na Serengeti miaka ya sitini akiwafuata usiku, kitabu chake kikatoka 1972. Aliona fisi wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kule kreta mara nyingi ni simba waliokuja kunyang'anya. Watalii wanafika asubuhi, wanamkuta simba juu ya nyumbu na fisi pembeni, wanaandika fisi mwizi. Mwenye mali ndiye yuko pembeni.

Mtu wa Githurai
Leo fisi ana wakili kuliko yule mfungwa.

Mama Wawili
Mimi namwamini Ng'wana Meatu. Ila ndugu yangu, wale fisi wenu wengine ni wa watu. Usijifanye hujui.

Ng'wana Meatu
Kila tukiongea fisi mnaleta uchawi wa Wasukuma. Nimesema kinyesi ni cheupe, nimesema Kruuk, mnaniletea wanaopandwa usiku.

Stelingi Mstaafu
Kwani wanapandwa au hawapandwi? Jibu.

Ng'wana Meatu
Sijawahi kupanda.

Binti wa Area C
Hajakataa 😂

Jicho la Wete
Kwetu fisi hakuna kisiwa kizima, kwa hiyo hizo hadithi zenu za bara ni burudani tu kwetu.

Stelingi Mstaafu
Fisi hamna, mzee, lakini Popobawa, lile shetani la usiku, mnaye. Mmoja anatosha.

Jicho la Wete
Usinichezee. Mwaka 1995 nilikuwepo. Watu wazima, walimu wa skuli, masheha, wote walitoka nje wakalala uwanjani mikeka imeshikana, moto unawaka mpaka alfajiri. Mie nililala hapo na mzee wangu ambae hakuwa akiogopa kitu. Wewe wa Tandika uliyekuwa ukiwaamini wafungwa wa sinema utaniambia nini.

Mtazamaji Mkuu
Mzee Jicho, subiri, hapa ndipo penyewe. Ulisema kuwaziwa hakumwondoi aliyepo. Je, kunaweza kumleta asiyekuwepo? Maana kisiwa kizima kililala nje.

Jicho la Wete
Nani kakwambia hakuwepo?

Mtu wa Githurai
Kwa hivyo tumweke kwa ile ramani ya 400? Tukimpatia Munch kesi ya Wete imeunganika.

Binti wa Area C
Na Scar je?

Ng'wana Meatu
Scar ALILIWA.