Vichezeo vya menyu ya watoto vilivyotoka kwenye mitumba: kipi cha mtoto, kipi cha kabati?

Papa_wa_Himbi (Goma)

Jambo yenu. Goma hatuna mgahawa wa McDonald's, lakini vichezeo vya menyu yake ya watoto vinatufikia. Vingine vinatoka katikati ya balo za mitumba, vingine ndugu zetu wa Ubelgiji na Canada wanavichomeka sandukuni kati ya nguo. Mimi ni mzazi na ninavipenda kuliko watoto. Hapa mezani kuna pakiti nyekundu ya chipsi: ukifungua ubavu mikono inatoka, ukivuta juu kichwa kinachomoza, tayari ni roboti. Chini imeandikwa 1987. Kila bawaba bado inakaza.

Vyote ni 47. Nyumbani kuna mtoto wa miaka 7 na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Naomba msaada:

Huo mwaka ulioandikwa ndio mwaka kilipotoka? Roboti hizo zilikuwa ngapi? Navioshaje bila kubandua rangi? Vitatu vilikuwa vikilia, sasa vimenyamaza, na skrubu zake zina kichwa cha pembe tatu ambacho bisibisi yangu haikishiki. Halafu kuna mdoli laini unaonata kama umepakwa asali. Ulilazwa juu ya kigari kigumu, na rangi ya kigari imeyeyuka palepale ulipogusa.

Mkusanyaji_Katindo

Papa, hiyo ni Changeables, seti ya vyakula vya McDonald's vinavyogeuka roboti. Toleo la kwanza la 1987 lilikuwa na roboti 6: Big Mac, Quarter Pounder, McNuggets, Egg McMuffin, kikombe cha maziwa baridi na hiyo ya chipsi yako. Toleo jingine lilifuata 1989, kwa hiyo usichanganye sehemu za matoleo hayo mawili.

Mwaka ulio kwenye plastiki ni wa haki miliki. Unakuambia "si kabla ya hapa", basi. Kichezeo kinaweza kuwa kilifika mgahawani mwaka uliofuata, na sura ya mhusika ikiwa ya zamani, unaweza kukuta mwaka wa zamani kwenye plastiki mpya. Angalia unyayo, chini ya tumbo na nyuma ya shingo. Zima taa ya chumba, laza taa ya simu ubavuni mwa kichezeo ili mwanga upite kwa mshazari: herufi zilizofutika zinasimama zenyewe. Kwa vile vya kitambaa, soma lebo iliyoshonwa kwenye mshono.

Kitu cha kusaidia katika kupanga: Happy Meal, yaani hiyo menyu ya watoto ya McDonald's, ilianza Marekani mwaka 1979, kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba chake ni cha 1975, mrudishie kwa heshima. Na Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria inakataza kutoa bure vichezeo vya plastiki katika menyu za watoto. Ndugu wa Paris akikuletea cha plastiki, ujue karibu hakika kilitoka kabla ya hapo. Siku hizi wanapewa vitabu, kadi na vitu vya karatasi.

Usivinunue kwa kutegemea utajiri. Teenie Beanie Babies za 1997, vile vidoli vidogo vya kitambaa vya McDonald's, zilitengenezwa kama milioni 100. Zilipangwa kudumu wiki 5, zikaisha kama katika wiki 2, na bado dunia imejaa nazo. Nunua unachokipenda.

Kaka_Virunga

Kuosha ni rahisi, chemsha sufuria ya maji, tumbukiza vyote dakika 10.

Mkusanyaji_Katindo

Hapana kaka, hapo utavipoteza. Plastiki nyingi za aina hii zinaanza kulegea kabla maji hayajachemka. Miguu inapinda, gundi inaachia, vibandiko vinakunjamana. Maji yawe ya uvuguvugu ambayo mkono wa mtoto unaweza kuyavumilia.

Kwa sisi wa Goma kuna jambo moja la kwanza kabisa: usipanguse kikavu. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, kali kama msasa, na kitambaa kikavu kinakwangua macho na midomo iliyochapwa. Kwanza suuza chini ya maji yanayotiririka, ndipo sabuni ya vyombo, tone moja kwa lita, na mswaki laini. Vigumu visivyo na betri viloweke dakika 10 hadi 15. Vyenye vibandiko, vyuma vya magurudumu au betri havilowekwi, vipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha kwa vile vya kupewa mtoto, javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji, dakika 2, suuza sana. Usitie javeli na siki pamoja hata kidogo, mvuke wake unachoma mapafu. Kausha kivulini, tundu likitazama chini, siku nzima. Maji yanayobaki ndani ndiyo yanayoleta ukungu mweusi.

Huo mdoli unaonata ni PVC laini. Mafuta yaliyolainisha plastiki yanatoka nje, na yakigusa plastiki ngumu yanaiyeyusha. Uoshe kwa sabuni, ukauke, uufunge peke yake kwa karatasi ya kuokea. Utanata tena baada ya miezi, hakuna dawa ya kudumu. Kigari hakitarudi.

Fundi_Birere

Skrubu hizo ni za pembetatu, kwa kawaida upana wa milimita 2 hadi 2.3. Seti ya fundi wa simu yenye vichwa vingi huwa nacho. Ukikikosa, bisibisi bapa ndogo ya milimita 1.5 inaweza kushika pembe mbili. Bonyeza kwa nguvu, zungusha polepole. Ikiteleza mara mbili, acha, tafuta kichwa sahihi, maana kona zikishalika huifungui tena bila kutoboa.

Ndani utakuta mara nyingi betri za kitufe, LR41 (upana milimita 7.9) au LR44 (milimita 11.6), volti 1.5 kila moja. Soma namba kwenye betri ya zamani, na upige picha ya upande wa + kabla ya kutoa. Unga mweupe au wa kijani ni betri iliyovuja. Dondosha siki kwenye pamba ya kijiti, sugua kibati kinachogusa betri mpaka povu liishe, futa kwa maji kidogo, malizia kwa alkoli ya famasi, acha kikauke. Kibati kikiwa bado cheusi, kikwangue kwa kifutio cha penseli. Kikiwa kimya hata hapo, tazama waya: hukatika pale ulipounganishwa na spika, na tone moja la risasi ya kulehemu linatosha.

Wakati wa kufunga, watu wengi ndipo wanapoharibu. Skrubu ilijichongea njia yake ndani ya plastiki. Iweke, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondoka kidogo, tik, ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja inachonga njia mpya, na baada ya mara mbili tundu halishiki kitu.

Mama_Nesi_Ibanda (Bukavu)

Papa, wa mwaka mmoja na nusu ndiye ninayemfikiria. Kipimo rasmi cha vipande hatari kwa walio chini ya miaka 3 ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7. Nyumbani tumia kiini cha karatasi ya choo, ambacho ni kipana zaidi kidogo: chochote kinachoingia humo hakimfai. Vuta magurudumu, macho na kofia kwa nguvu zako zote kabla ya kupima.

Nusu za mipira pia ni hatari, hata kubwa. Desemba 1999, mgahawa wa Burger King Marekani uliwataka watu warudishe mipira ya Pokémon zaidi ya milioni 25 baada ya kifo cha mtoto wa miezi 13: nusu ya mpira iliganda puani na mdomoni. Mipira hiyo ilikuwa na upana wa kama sentimita 7. Ukiikuta kwenye mitumba, ivunje.

Chochote chenye betri ya kitufe ambacho kifuniko chake hakina skrubu kisikae chini. Betri hiyo ikimezwa inachoma koo ndani ya saa 2. Usimtapishe. Nendeni hospitali yenye eksirei mara moja. Aliyezidi mwaka mmoja, kama hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6, lakini asali isiwacheleweshe.

Na vile laini vya miaka ya 90 asivinyonye. Ulaya ilipiga marufuku ya kudumu baadhi ya mafuta hayo ya kulainisha plastiki katika vichezeo kwa sheria ya 2005 pekee. Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kilipima vichezeo 200 vya mitumba mwaka 2018, kikakuta madini yenye sumu hasa kwenye nyekundu, njano na nyeusi.

Papa_wa_Himbi

Aksanti sana, mama, na ninyi wote. Kwa hiyo roboti nyekundu ya 1987 inapanda kabatini, na wa miaka 7 ataishika tukiwa wote mezani. Fundi, LR44 mbili zimeingia, kimoja kimelia. Sauti ni ya chini na inakwaruza.

Fundi_Birere

Vibati vimelegea. Vikunje vije mbele milimita moja, kisha pima tena.