Tupeane uzoefu: "baba" wa lugha nyingine ulikutana naye wapi?

Mwenye uzi
Wakuu, uzi huu ni wa neno moja tu: baba. Leteni mlichokisikia wenyewe au mlichofundishwa. Ya rafiki wa rafiki tuyaache huko huko.

Naanza. Nilikaa bweni moja na Mbulgaria. Kila Jumapili lazima ampigie simu "baba", na sauti inayojibu upande wa pili ni ya ajuza, tena kali. Nilipomuuliza alicheka sana. Kibulgaria baba ni bibi, au nyanya kama wengine mnavyosema. Baba mzazi ni bashta, na nyumbani wanamwita tatko. Hilo tatko nalo likanipa la kuwaza, maana Kilingala wana tata na Kikhosa wana utata, maana ile ile.

Aliyesoma Urusi
Naongezea hapo kwa jirani zao. Warusi bibi humwita babushka. Ukisema baba peke yake unamaanisha mwanamke wa kijijini, au mwanamke yeyote kwa kumdharau, kwa hiyo usimwite hivyo mama wa watu dukani. Yule mchawi wa hadithi zao za watoto ni Baba Yaga. Na sanamu la theluji ambalo Mwingereza humfanya mwanamume, Mrusi analiita baba wa theluji, yaani wa kike!

Mwanafunzi wa Kichina
Kichina baba ni baba kweli, ila chunga toni. Silabi ya kwanza ikishuka kwa mkato umemtaja mzazi wako. Ukiiweka chini, ile toni ya tatu, umetaja kinyesi kwa lugha ya watoto. Darasa letu likisoma kwa pamoja mwalimu alikuwa anageukia ubaoni ili tusimwone akicheka.

Msomaji tu
Mimi sina safari wala lugha ya tatu, lakini nadhani jibu ni rahisi. Sisi neno hili tumelitoa kwa Waajemi au Waturuki, maana na wao baba ni baba. Biashara ya baharini hiyo.

Mwalimu wa isimu
Mkuu, hapo naomba tusimame kidogo, maana hoja hii huwa naisikia mara nyingi. Kizulu ni ubaba, Kishona ni baba, Kikikuyu ni baba. Hao wote wamekopeshwa na Mwajemi? Nenda Kiyoruba, utakuta baba. Na Kichina kama alivyosema mwenzetu hapo juu. Ukifuata njia ya mkopo itabidi utafute jahazi lililofika kila mahali.

Mwaka 1959 mwanaanthropolojia George Peter Murdock alichapisha kazi aliyokusanya maneno zaidi ya 1000 ya kuwaitia baba na mama kutoka jamii za kila upande wa dunia. Sauti zilizojirudia ni zile zile chache: m na n kwa mama, p, b, t na d kwa baba. Mwanaisimu Roman Jakobson akaichukua hoja hiyo akatoa maelezo ambayo mimi binafsi yananitosha. Mtoto mchanga anapoanza kucheza na sauti, iliyo nyepesi kuliko zote ni kufunga midomo na kuiachia kwa a. Akiwa ananyonya, mdomo umejaa, sauti inapita puani, inakuwa m. Baadaye anaitoa akitaka chakula, na anayekuja na chakula ni mama. Mtoto hajamwita mtu. Sisi wakubwa tunaposikia ba-ba-ba ndio tunaojigawia majina, na kila jamii inagawa inavyotaka.

Ushahidi wa mgawo wa kinyume uko Georgia, kule Kaukazi. Kwao mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Sijatania. Kwa hiyo Mbulgaria aliyempa bibi neno hili hajakosea popote.

Mikopo ipo, ila inajulikana ilikopita. Wagiriki walikuwa na pappas, neno la mtoto kumwita baba yake. Kilatini kikalichukua kuwa papa, cheo cha askofu. Kiarabu hakina p, basi mkuu wa Vatikani kwa Kiarabu ni al-Baba. Huo ndio ukoo, unaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Mlezi wa watoto
Al-Baba umenikumbusha. Nililea watoto kwenye familia ya Kiarabu. Baba wa nyumba anamwita mwanawe wa miaka mitatu "baba", mama naye anamwita binti "mama". Wageni wa Kizungu walikuwa wanachanganyikiwa, mimi nikaona niko nyumbani. Nasi si tunasema "njoo baba, usilie"? Nilikuja kusikia Wabengali nao hufanya hivyo hivyo. Natamani mtu anieleze chanzo chake.

Mwenye uzi
Mwalimu, swali la mlezi ni lako. Mimi nimewahi kusikia ni kwa sababu mtoto anabeba jina la babu, ila hiyo haielezi Waarabu na Wabengali wote.

Jirani wa Wayoruba
Suala la babu lina uzito. Babatunde ni jina la Kiyoruba, maana yake "baba amerudi", hupewa mvulana aliyezaliwa babu yake akiwa ameshafariki. Wa kike ni Yetunde, mama amerudi. Kwa hiyo mtoto kuitwa baba kwao siyo utani.

Mpenda wanyama
Madagaska kuna komba mkubwa, mweusi kwa mweupe, anayelia asubuhi kama anaimba. Vitabu vinamwita indri, wenyeji wanamwita babakoto. Koto ni mvulana mdogo, na hiyo baba mnaijua.

Niko Tokyo
Nawavuruga kidogo. Huku baba ni ajuza, na mchezo wa karata ambao anayebaki na karata moja mbaya ndiye aliyeshindwa unaitwa babanuki, kumtoa ajuza. Lakini kuna Baba mwingine, jina la ukoo, linaandikwa kwa herufi mbili, ya farasi na ya mahali: uwanja wa farasi. Kituo cha treni cha Takadanobaba kimelipata jina hapo, palikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi ya farasi. Mwalimu, huyu naye ni mtoto mchanga?

Mwalimu wa isimu
Hapana, huyo ni farasi. Zimekutana sauti tu. Swali la mlezi nalirudia kesho, lina mengi, na ningependa kwanza Mturuki au Mhindi yeyote humu aseme kwao mtoto anaitwaje.