Sabres wamekosa ushindi mechi 13 mfululizo: vijana tuwauze au tuwangoje?

Mkilifi_716
Jumapili, 22 Desemba 2024

Hamjambo wana Buffalo na majirani zetu. Sikulala vizuri. Jana Boston wameifunga timu yetu ya hoki ya barafu, Sabres, na sasa ni mechi 13 hatujaonja ushindi. Kumi tumefungwa ndani ya dakika 60, tatu zimetuponyoka kwenye muda wa nyongeza na penalti. Mwezi mmoja nyuma tulikuwa tumeshinda 11 na kupoteza 10, nami nikawa nawaambia wenzangu kazini kwamba mwaka huu ndio wenyewe.

Niliingia mji huu Januari 2012 na koti la kuazima. Sabres walikuwa wamecheza mtoano Aprili 2011, wakatolewa na Philadelphia kwenye mechi ya saba, yaani ya mwisho ya raundi. Nimeukosa kwa miezi tisa tu, na mpaka leo sijauona. Mwanangu kazaliwa hapa mwaka huohuo niliofika. Ana miaka 12, anacheza hoki mwenyewe, na hajawahi kuiona timu yake ikicheza mechi hata moja ya mtoano. Miaka 13 mfululizo nje, hakuna timu nyingine ya ligi hii iliyowahi kukaa hivyo.

Tarehe 3 mwezi huu mwenzangu wa kazini alinipa tiketi mbili za mechi ya Colorado. Viti vya juu kabisa, pale ambapo dari iko karibu nawe kuliko barafu. Tukaongoza 4-0. Kijana kasimama juu ya kiti na jezi yake ya Cozens, mchezaji wetu kijana, namba 24, inamfika magotini kwa sababu niliinunua kubwa makusudi aivae miaka mingi. Tukafungwa 5-4. Kwenye treni ya Main Street hakulia. Aliivua ile jezi, akaikunja taratibu, namba ikabaki juu, akaiweka mapajani na kuifunika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata mayai. Tulipopita vituo viwili ndipo akaniuliza, "Baba, watamuuza?"

Nikamwambia sijui. Hilo ndilo lililonileta kwenu.

Kwa wasioufuata mchezo huu: huku mchezaji hanunuliwi kwa fedha kama kwenye kandanda. Tukisema kuuza, unatoa mtu unapewa mtu, au unapewa zamu ya kuchagua kijana kwenye uteuzi wa mwaka unaokuja. Ukikosea mara moja, kosa linakukalia miaka. Nasi tumeshakosea. O'Reilly tulimtoa 2018, mwaka uliofuata akabeba kombe na St. Louis na kutajwa mchezaji bora wa mtoano. Eichel tulimtoa Novemba 2021, akalibeba na Vegas 2023. Reinhart tulimpeleka Florida akiwa na miaka 25. Msimu uliopita kafunga mabao 57, na mechi ya saba ya fainali ni yeye aliyefunga bao la ubingwa. Montour, naye wa kwetu zamani, alikuwa kikosi hichohicho. Nilikaa sebuleni Juni ile natazama watu wetu wanalinyanyua kombe kwa jezi ya wenzetu.

Sasa tetesi zinamtaja Cozens. Ana miaka 23. Moyo wangu unasema wasithubutu. Lakini moyo wangu umekuwa ukisema hivyo tangu 2012. Nijibuni kwa hoja, tafadhali, hasira ninazo za kutosha.

---

Kadogo_GrantSt

Papa Mkilifi, pole kwa mtoto. Mimi nasema uza.

Kila mwaka tunaambiwa ngojeni, bado vijana. Waliokuwa vijana wameondoka wakaoa, tumeletewa vijana wengine, tunaambiwa tena ngojeni. Ile 4-0 hatukuipoteza kwa sababu ya miguu, miguu wanayo. Tuliipoteza kwa kichwa. Colorado walipopata bao la kwanza hakukuwa na mtu mzima pale benchi wa kusema tulieni, hili ni bao moja. Kocha Ruff anajua, lakini kocha haingii barafuni.

Msimu uliopita tulikuwa na Okposo. Nahodha, miaka 35, na sisi tuliotoka Afrika tulikuwa tunamwonyesha kwa vidole, baba yake ni mtu wa Nigeria. Machi akapelekwa Florida, Juni akashika kombe. Sina kinyongo, alistahili. Ila niambieni, nani amewekwa mahali pake? Timu imeachiwa watoto, na mkubwa mwenyewe, Dahlin, ana miaka 24 na Desemba hii mgongo umemweka nje.

Angalieni na mfuko. Cozens alifunga 31 msimu wa 2022-23, uliofuata 18, na mshahara wake ni dola milioni 7.1 kwa mwaka mpaka 2030. Power, beki wetu kijana, anachukua milioni 8.35. Msimu huu timu nzima hairuhusiwi kupita milioni 88. Ukiwalipa watoto mshahara wa wanaume, wanaume utawalipa nini?

Na si kila tuliyemtoa ametuachia shimo. Kwa Eichel tulimpata Tuch, mtoto wa upande wa Syracuse aliyekua akiipenda timu hii. Mtazameni anavyokimbia hata tukiwa chini kwa mabao manne. Nipeni Tuch watatu, mchukue vijana wote.

---

BabaRehema_Rochester

Kadogo, heshima yako, lakini hapo nakukatalia.

Mimi naishi Rochester, kwa gari ni kama saa moja na robo kutoka kwenu. Huku ndiko Sabres wanakolelea vijana wao, na tiketi ni rahisi, kwa hiyo nawaona kabla yenu. Nikuambie nilichokiona 2019. Alishushwa huku kijana mmoja mrefu kupita kiasi, futi sita na inchi sita, aliyekuja kwa kubadilishwa na O'Reilly. Huko kwenu alikuwa ametoka kufunga mabao 7 katika mechi 65. Watu wa Buffalo walikuwa wanamzomea. Na kweli, fimbo mkononi mwake ilikuwa fupi kama mwiko, kila akigeuka kisahani (ndio mpira wetu) kinamkimbia. Nikajisema, kwa huyu tumepigwa.

Huyo ni Tage Thompson. Kocha wa wakati ule, Granato, alimtoa pembeni akamweka katikati, akafunga 38. Mwaka uliofuata 47. Alikuwa na miaka 24 alipofunguka, si 20. Mtu mrefu hivyo mwili unachelewa kusikilizana naye, na hilo huwezi kuliharakisha kwa kupiga kelele.

Sasa tazama yale mauzo ya 2018 kwa macho mawili. Tulitoa mtu wa miaka 27, tukapokea wa miaka 20. Wenzetu walikula mwaka uleule, sisi tumekula mwaka wa nne. Unataka tufanye kinyume sasa, tutoe wa miaka 23 kwa mtu wa 30. Tutakula mwaka mmoja, labda miwili, halafu Cozens atafungua milango huko aliko akiwa na 25, na Mkilifi atakaa sebuleni tena Juni.

Kulich mmemwona wenyewe msimu huu. Rosén yuko huku, mkono wake mwepesi sana. Msiguse.

---

MamaZuhura_Toronto

Mimi ni wa Leafs, timu ya Toronto, mtanivumilia, maana tumewafunga mara mbili ndani ya siku sita. Sikuja kuwacheka. Kitu changu ni kimoja tu.

Nyote wawili mnabishana nani atoke. Ulizeni kwanza nani atakuja. Mchezaji mkubwa wa miaka 28 au 30 mara nyingi ana kipengele kwenye mkataba kinachomruhusu kukataa baadhi ya timu, na Buffalo mmekuwa kwenye karatasi za wengi. Meneja wenu mkuu, Adams, alisema mwenyewe mapema mwezi huu kwamba mji hauna minazi na kodi ya New York ni kubwa. Nilimsikitikia. Toronto hatuna mnazi hata mmoja, kodi inatuuma, baridi ni ileile ya ziwa, na watu wanakuja. Wanafuata ushindi. Winnipeg je? Huko kuna baridi kuliko kwenu, na mwaka huu wanaongoza.

Msidhani pia kwamba kuwaweka vijana kunatosha. Sisi tumewaweka Matthews, Marner na Nylander tangu wakiwa watoto. Mtoano tunaingia kila mwaka tangu 2017. Tumevuka raundi moja tu kwa miaka yote hiyo, 2023, dhidi ya Tampa. Nililia siku ile, nikadhani mlango umefunguka.

Ningekuwa mimi, Cozens simtoi na Power simtoi. Natoa ambao hawajafika: zamu yenu ya kuchagua 2025, na mmoja wa wale wa Rochester (Baba Rehema unisamehe). Nataka mtu mmoja mzima, mwenye mkataba wa miaka iliyobaki, asiye na haki ya kukataa. Mmoja tu, wa kuwaonyesha wengine jinsi ya kulinda 4-0.

---

Mkilifi_716

Ahsanteni. Nimewasoma mara mbili, mara ya pili nikimtafsiria kijana. Kiswahili chake cha nyumbani hakijafika kwenye mishahara.

Mama Zuhura, hayo maneno ya minazi yaliniingia mahali pabaya. Mimi nimezaliwa chini ya minazi. Shamba la babu yangu Kilifi lilikuwa na safu tatu ambazo alizipanda mwenyewe. Mnazi wetu ule mrefu unakaa miaka sita, saba, kabla haujazaa. Mwaka wa nne unauona umesimama, makuti mazuri, dafu hakuna. Babu alikuwa na jirani aliyekata yake mwaka wa tano akapanda mihogo, na sisi watoto tulikuwa tunaonyeshwa visiki. Kwa hiyo ninaposikia "uza", ninaviona vile visiki.

Lakini Kadogo, nawe umenishika, na sitaki kujifanya hukunishika. Babu hakuiacha minazi ipambane peke yake. Kila mche aliupanda pembeni ya mnazi mkubwa, ukingwe jua la mchana mpaka ushike. Sabres wamepanda miche shamba tupu. Dahlin yuko msimu wake wa saba, na tangu afike hajapata mkubwa wa kumsimamia kwenye mtoano, maana mtoano wenyewe hatujafika. Ule msimu wa 2022-23, pointi 91, Florida wakaingia kwa 92 na kwenda mpaka fainali. Pointi moja! Miaka ile ndiyo tulipaswa kuongeza watu wazima wawili, tukakaa kimya tukasema vijana watajiongeza. Kwa maoni yangu pale ndipo tulipokosea, kuliko hata kwa Eichel, maana Eichel alikuwa na shingo mbovu na alitaka kuondoka.

Kwa hiyo niko na Mama Zuhura. Atoke mmoja ambaye bado hajavaa jezi yetu vizuri, aje mtu mzima. Cozens abaki. Najua ninasema hivyo na jezi ya 24 iko kwenye kamba ya kuanikia mbele yangu, lakini hata ingekuwa haipo ningesema hivyo. Mtu aliyefunga 31 akiwa na miaka 22 hajasahau kufunga.

Baba Rehema, huyo Rosén anacheza upande gani? Kijana anauliza.

---

BabaRehema_Rochester

Pembeni. Mwambie amtazame anavyopokea kisahani bila kukiangalia. Na umlete huku siku moja, nitawatafutia viti vya chini, karibu na kioo, asikie viatu vinavyokata barafu.

---

Kadogo_GrantSt

Papa, kwa habari ya kivuli cha mnazi nimenyamaza kidogo. Kwetu Uvira tuna michikichi, na ni vilevile. Ila mkubwa mmoja hatoshi. Wawili. Na mmoja awe beki, kwa sababu Power akibaki na mtoto mwenzake nyuma, mimi nafumba macho.

Kesho wako kwa Islanders. Dukani kwangu nina televisheni kubwa, watu wa Grant Street watakuwepo, chai ya tangawizi ipo. Mlete kijana.

---

Mkilifi_716
Jumanne, 24 Desemba 2024

Tumeshinda saba kwa moja. Ugenini. Kadogo alihesabu mabao kwa kupanga vikombe kaunta, cha saba akakikosa mkono kikavunjika, na hakuna aliyekiangalia.

Ni mechi moja, najua, na Cozens bado anatajwa. Asubuhi hii nilimkuta kijana nje na mtoto wa jirani yetu Mrundi, wanapiga kisahani kwenye mlango wa gereji, theluji wameifagia wenyewe. Jezi ameivaa juu ya koti. Sasa inamkaa karibu sawasawa.