Tupeane uzoefu: kipandauso na njia za asili zilizokusaidia au zilizokuangusha

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa gizani, mwanga wa simu nimeushusha hadi mwisho, maana kichwa kimeniachia leo baada ya siku mbili kamili. Kipandauso kilinianza nikiwa na miaka 17, sasa nina 38. Aliyewahi kukipata hahitaji kuelezwa: upande mmoja unagonga kama moyo umehamia huko, kichefuchefu, na hata sauti ya kijiko kwenye kikombe inaumiza.

Naomba kila mmoja aseme alichofanya mwenyewe, kwa muda gani, na ikawaje. Ya "nimesikia" tuyaweke kando, tafadhali. Walioangushwa na dawa fulani nao waje, ushuhuda wao una uzito uleule.

Naanza mimi. Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari. Kwa miezi mitatu niliandika saa ya kulala na kuamka, saa za kula, hedhi, vikombe vya kahawa, na saa kichwa kilipoanza. Miaka yote nilikuwa nailaumu chokoleti. Daftari likanionyesha kwamba siku moja kabla huwa napiga miayo mfululizo, shingo inakaza, halafu ndipo natamani vitu vitamu. Kumbe hamu yenyewe ilikuwa dalili, kipandauso kimeshaingia mlangoni. Kingine: mashambulizi mengi yaliangukia Jumamosi. Siku za kazi naamka saa kumi na mbili, Jumamosi nalala hadi saa nne na kahawa inachelewa. Nikaamua kuamka muda uleule siku zote saba. Nilikuwa napoteza siku tisa kwa mwezi, sasa ni tatu au nne. Karibuni.

Mama Wawili: Pole sana dada. Mimi ni magnesiamu, miligramu 400 kila siku. Wiki ya kwanza niliharisha nikataka kuacha. Mfamasia akanibadilishia aina, kutoka oksaidi kwenda sitrati, na akanishauri niinywe pamoja na chakula. Tumbo likatulia. Mwezi wa kwanza sikuona chochote, wa pili vilevile. Wa tatu ndipo nikagundua nimepita wiki tatu bila kujifungia chumbani. Wengi wanaacha mapema mno. Mwenye shida ya figo asiiguse bila daktari, maana figo ndizo zinazotoa ile inayozidi mwilini.

Fundi Saa: Yangu ni ndefu, mnivumilie. Nilikuwa natembea na karatasi ya vidonge vya maumivu mfukoni mwa shati. Asubuhi viwili, mchana viwili, na usiku nikihisi tu kwamba kichwa kinanyemelea, viwili tena. Kazi yangu ni ya kutazama vitu vidogo kwa karibu siku nzima, nikajiambia ni macho. Nikabadilisha miwani mara mbili. Ikafika mahali naamka na kichwa kila siku, kila siku jamani.

Daktari mmoja akaniuliza, "Mwezi uliopita ni siku zipi hukumeza kidonge?" Nikanyamaza, sikuweza kutaja hata moja. Akanieleza kwamba vidonge vya kawaida vya maumivu vikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vinaanza kuleta kichwa vyenyewe. Kwa vile vya mchanganyiko, yaani vyenye dawa zaidi ya moja ndani, na vya kundi la triptani, yaani dawa maalumu za kipandauso, kikomo ni siku 10. Aliniachisha kwa usimamizi wake. Siku kumi za mwanzo nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Mwezi wa pili niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani nasikiliza, kichwa kimya. Sijasahau ile asubuhi.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kutafuta mzizi wowote, hesabu kwanza siku unazomeza vidonge.

Tulia: Fundi umenigusa. Nimetoka kuhesabu hapa, ni siku 18. Kesho naenda kumwona daktari.

Binti Mkubwa: Tangawizi kwangu inafanya kazi, ila kwa sharti moja: niiwahi. Nikiinywa mara tu shingo inapoanza kukaza, mara nyingi kichefuchefu hakifiki na maumivu yanabaki ya kuvumilika. Nikichelewa saa moja, ni kama sijanywa kitu. Kuna utafiti wa Iran wa mwaka 2014, wagonjwa 100, uliolinganisha robo gramu ya unga wa tangawizi na sumatriptani, mojawapo ya zile triptani, ya miligramu 50. Baada ya saa mbili matokeo yalikaribiana. Haukuwa na kundi la kidonge kitupu kisicho na dawa, la kulinganishia, kwa hiyo mimi siuchukulii kama neno la mwisho, lakini unalingana na ninayoyaona kwangu.

Mkesha: Vitamini B2, miligramu 400 kwa siku. Mkojo unakuwa njano kali, msiogope. Imenipunguzia idadi ya siku, makali yake yako palepale.

Nesi Mstaafu: Wanangu, niseme mawili. La kwanza, "asili" maana yake si "salama". Mmea wa Petasites ulipendekezwa na wataalamu wa neva wa Marekani mwaka 2012, kisha mwaka 2015 mwongozo ule ukaondolewa kwa sababu ya madhara ya ini. La pili ni kwa mabinti: ukiona mistari ya mwanga yenye meno ya msumeno kabla ya kichwa kuanza, mwambie anayekupa vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwa mtu wa namna hiyo. Usisubiri akuulize, mara nyingi hawaulizi.

Na kichwa kikipasuka ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja, au kikaja na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, hapo hakuna cha tangawizi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Tulia: Ahsante mama. Swali dogo: kitambaa cha baridi mnakiweka wapi? Mimi huweka kwenye paji la uso na sioni tofauti.

Binti Mkubwa: Jaribu shingoni, pembeni kwa mbele, mishipa ya damu inapopita karibu na ngozi. Barafu ifunge kwenye taulo, isiguse ngozi moja kwa moja. Dakika kumi na tano hivi, umelala, chumba giza.

Mama Wawili: Mleta mada, hujambo? Umekuwa kimya.

Mleta mada: Nipo, nawasoma wote na nawashukuru sana. Nimepiga miayo tangu saa nane mchana, na shingo imeanza. Nimeshachemsha tangawizi, barafu iko kwenye taulo, daftari liko kando ya mto na nimeandika saa. Nazima simu. Nitawaambia kesho.